UPIMAJI WA VIJITO VYA MISITUNI: HALI YA MAJI YAENDAYO POLEPOLE NA MAKAZI YA VIUMBE WAKE

Visiwa vya Unguja na Pemba havina mito mikubwa. Vilivyopo ni vijito, na vingi kati ya hivyo hupita katika mabonde na misitu kwa mwendo wa taratibu mno, hata mtu asiyetazama vizuri huweza kudhani kwamba maji yamesimama. Kwa sababu ya utulivu huo, aghalabu vijito hivi havitiliwi maanani, na wanaovitazama huvihukumu kwa jicho tu. Maji yakiwa ya rangi ya chai husemwa kuwa ni mabovu. Yakiwa maangavu na kupigwa na jua husemwa kuwa ni mazuri. Hukumu zote mbili zaweza kuwa na makosa, na makosa hayo yana gharama, kwani juu yake hujengwa maamuzi ya kufyeka kingo, kugawa mabonde kwa kilimo, kuruhusu watoto kuoga na kuchota maji ya nyumbani.

Makala haya yanaeleza namna ya kuvipima vijito hivyo: maji yenyewe, kitanda cha kijito, kingo zake na viumbe waishio humo. Yamekusudiwa maofisa wa misitu, kilimo, maji, mazingira na afya, pamoja na masheha na wananchi wote wanaoishi kandokando ya vijito.

VIJITO VYETU VILIVYO

Upande wa mashariki na kusini wa Unguja ni ardhi ya mawe ya matumbawe, ijulikanayo kwa jina la uwanda. Mvua inyeshayo hapo huzama chini kwa haraka kupitia nyufa na mapango, hivyo vijito vya juu ya ardhi ni haba. Vijito hupatikana zaidi upande wa magharibi na katikati ya kisiwa, penye udongo wa kina, kama ulivyo mto wa Mwera. Msitu wa Jozani nao una hali yake ya pekee. Humo maji ya chini ya ardhi yako karibu sana na uso wa ardhi, na wakati wa masika hupanda na kutuama baina ya miti. Ndiyo sababu humo husitawi miti ipendayo maji, kama vile mitondoo na michikichi. Msitu huo, pamoja na Ghuba ya Chwaka, ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2004.

Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde. Karibu kila bonde lina njia yake ya maji, na kwa desturi ya kilimo cha kisiwa hicho mikarafuu hushika vilima na mpunga hushika mabonde. Msitu wa Ngezi, ulioko kaskazini magharibi, katika Wilaya ya Micheweni, ndio mkubwa kuliko yote katika misitu ya asili yenye unyevu iliyobaki Pemba. Ndani yake hupatikana mpapindi, mnazi wa mwitu ambao asili yake ni Pemba, na popo wa Pemba, ambaye hapatikani kwengineko duniani. Chini ya miti hiyo maji hupita polepole juu ya mchanga, tope na majani yaliyodondoka, na baada ya mwendo usio mrefu hufika penye mikoko na kuingia baharini.

Faida ya vijito hivi haiishii msituni. Sehemu kubwa mno ya maji yanayotumika Zanzibar, mijini na mashamba, hutoka chini ya ardhi kwa njia ya visima na chemchemi. Kijito kinachoendelea kutiririka wiki nyingi baada ya mvua kukatika hakilishwi tena na mvua, bali hulishwa na maji hayo hayo ya chini. Kwa hivyo kijito ni dirisha ambalo kwalo hazina ya chini ya ardhi huonekana. Kijito kilichokuwa kikifika mwisho wa kiangazi, kisha kikaanza kukauka mapema mwaka hadi mwaka, huwa kinatoa khabari inayovihusu visima vya kijiji kizima.

KWA NINI JICHO PEKE YAKE HALITOSHI

Maji ya kijito cha msituni huwa meusi au ya kahawia kwa sababu majani, magome na mizizi inayooza hutoa rangi yake, kama majani ya chai yanavyofanya katika maji ya moto. Rangi hiyo si uchafu. Maji hayo mara nyingi huwa na uchachu kidogo, na huwa na oksijeni chache kuliko maji ya mto uendao kasi, kwa kuwa hayachanganyiki sana na hewa, ilhali vijidudu vinavyoozesha majani huitumia oksijeni iliyomo. Hali hii ni ya maumbile, na wapo viumbe wengi walioizoea tangu na tangu.

Upande wa pili, kijito kilichofyekwa kingo zake hupata jua kutwa nzima. Maji yake huweza kuonekana maangavu na ya kupendeza. Hata hivyo, jua huotesha mwani na magugu ya majini kwa wingi, maji hupata joto, na mbolea inayoteremka kutoka mashambani huzidisha uotaji huo. Mchana mimea hutoa oksijeni tele, na mpimaji anayefika saa 8 mchana huweza kuandika kipimo kizuri kabisa. Usiku mimea hiyo hiyo, pamoja na vijidudu vya uozo, huitumia oksijeni, na kabla ya jua kuchomoza huenda samaki wakawa wanatweta juu ya maji. Kipimo cha mchana hakikuwa cha uongo, ila kilieleza nusu tu ya siku.

Kutokana na hayo, kanuni ya kwanza ya kazi hii ni kwamba hali ya kijito haijulikani kwa kipimo kimoja, wala kwa siku moja. Maji na makazi hupimwa pamoja, mahali palepale, kwa njia ileile, na kwa misimu tofauti.

KUCHAGUA MAHALI NA WAKATI

Kazi huanza kwa kukitembea kijito chote, tangu kinapoanzia hadi kinapotokea, pamoja na wazee wanaokijua. Wao ndio wanaojua chemchemi zilipo, mahali palipokuwa na kina zamani, na mwaka ambao maji yalikatika. Baada ya hapo huchaguliwa vituo visivyopungua vitatu: kimoja juu, ndani ya msitu usioguswa, cha pili mahali msitu unapokutana na mashamba, na cha tatu chini, baada ya mabonde ya mpunga au makaazi. Kituo cha juu ndicho mizani ya kulinganishia. Bila ya kituo hicho haiwezekani kusema kama upungufu wa oksijeni huko chini umeletwa na watu au ni tabia ya kijito chenyewe.

Kila kituo huwa na urefu wa mita 100 hivi. Huwekewa alama ya kudumu juu ya mti au jiwe, na huchorwa ramani ya mkono inayoonesha vina, magogo, vivuko na mahali watu wanapofulia au kuchotea maji.

Ama kuhusu wakati, vipimo hufanywa angalau mara nne kwa mwaka: wakati wa masika, baina ya Machi na Mei; wakati wa kipupwe, baada ya mvua hizo kupungua; wakati wa vuli, baina ya Oktoba na Disemba; na katika kiangazi cha Januari na Februari. Siku ya mvua kubwa haifai kwa kipimo cha kawaida, kwa sababu maji ya mafuriko hufunika hali ya kijito. Pale panapotakiwa kujua kiasi cha udongo unaochukuliwa kutoka mashambani, hapo siku ya mvua ndiyo inayotafutwa, na huandikwa hivyo waziwazi.

Vituo vilivyo karibu na mikoko vina sharti jengine. Maji ya bahari hupanda ndani ya kijito, na hufika mbali zaidi wakati wa bamvua kuliko wakati wa maji mafu. Mpimaji lazima aandike hali ya maji ya bahari pamoja na saa, la sivyo chumvi ya bahari itachukuliwa kuwa ni kasoro ya kijito.

VIPIMO VYA MAJI

Joto hupimwa kwanza, kwa kipimajoto kilichotumbukizwa kivulini kwa dakika chache. Joto lina uhusiano wa moja kwa moja na oksijeni: maji baridi ya nyuzi 25 za Selsiasi, yakiwa yameshiba hewa, hubeba miligramu 8.3 hivi za oksijeni kwa lita moja, na yakifika nyuzi 30 hubeba miligramu 7.5 tu. Kwa hivyo kukiondolea kijito kivuli ni kukipunguzia pumzi, hata kabla ya uchafu wowote kuingia.

Oksijeni iliyoyeyuka majini hupimwa kwa mashine ndogo ya mkononi au kwa dawa za maabara. Kwa sababu zilizokwisha elezwa, hupimwa mara mbili: alfajiri kabla ya jua kuchomoza, na tena alasiri. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ina maana kubwa kuliko kipimo chochote kimoja. Chini ya kivuli kizito tofauti huwa ndogo. Penye jua na mwani mwingi huwa kubwa.

Uchachu hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH, ambacho kwacho 7 ni katikati, chini yake ni uchachu na juu yake ni uchungu wa magadi. Kila hatua moja ya kipimo hiki ni tofauti ya mara kumi, hivyo maji ya 5 yana uchachu mara mia moja kuliko maji ya 7. Maji yapitayo juu ya mchanga na majani yanayooza huelekea chini ya 7, na yale yaliyopita katika mawe ya matumbawe huelekea juu yake kwa sababu ya chokaa.

Uwezo wa maji kupitisha umeme hueleza wingi wa chumvi na madini yaliyoyeyuka. Maji ya mvua yana kiasi kidogo mno, maji ya chemchemi za chokaa huwa na mamia ya vizio vya maikrosimensi kwa sentimita, na maji ya bahari hukaribia 50,000. Kipimo hiki ni chepesi na cha haraka, na husaidia kujua mahali chemchemi inapoingia katika kijito na mahali bahari inapoanzia.

Tope hupimwa kwa mrija mrefu mwangavu wenye alama nyeusi na nyeupe chini yake. Maji hujazwa polepole hadi alama isionekane, kisha kina chake husomwa. Hapa hapana budi kutofautisha rangi na tope: maji ya kahawia ya msituni, yakiwekwa ndani ya gilasi, bado hupitisha mwanga, lakini yenye udongo huwa kama maziwa na baadaye huacha machujo chini.

Mwisho huchukuliwa sampuli za maabara. Za mbolea hutafutwa naitreti na fosfeti. Kwa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita, na limeelekeza kwamba bakteria wa kinyesi aitwaye E. koli asionekane kabisa katika mililita 100 za maji. Chupa ya sampuli ya bakteria lazima iwe imetakaswa, isisuzwe kwa maji ya kijito, iwekwe katika sanduku lenye barafu, na ifike maabara mapema iwezekanavyo, katika muda usiozidi saa 24. Sampuli iliyokaa juani nyuma ya gari haina thamani yoyote, hata ikiandikiwa ripoti nzuri kiasi gani. Kijito chochote kinachopita wazi penye watu na mifugo kichukuliwe kuwa hakifai kunywewa bila ya kuchemsha maji yake.

KUPIMA MWENDO

Mwendo wa kijito cha taratibu waweza kupimwa bila ya chombo cha ghali. Hupimwa urefu wa mita 10 mahali palipo sawa, kisha huachiwa chelezo juu ya maji na kuhesabiwa muda wake. Danzi au chungwa bichi linafaa sana kwa kazi hii, kwani huelea likiwa limezama karibu lote, hivyo upepo hauwezi kulisukuma. Kipimo hurudiwa mara tatu au zaidi, na hutumiwa wastani wake.

Kwa mfano, danzi likichukua sekunde 100 kwenda mita 10, mwendo wa juu ya maji ni mita 0.1 kwa sekunde. Kwa kuwa maji ya chini hucheleweshwa na kitanda cha kijito, jawabu huzidishwa kwa 0.85, na kupatikana 0.085. Ikiwa kijito kina upana wa mita 1.5 na wastani wa kina wa mita 0.2, eneo lake ni mita za mraba 0.3. Ukizidisha, hupatikana mita za ujazo 0.0255, yaani lita 25 na nusu kila sekunde. Hizo ni zaidi ya ndoo moja ya lita 20 kwa kila sekunde, na kwa siku nzima ni zaidi ya lita 2,200,000. Kijito cha namna hiyo mtu mzima hukivuka kwa hatua mbili, na pengine hakina hata jina katika ramani.

KUTAZAMA MAKAZI

Makazi ya viumbe ni umbo la kijito pamoja na vyote vilivyomo na vilivyo kandoni mwake. Kila baada ya mita 10 mpimaji hupima upana, hupima kina mahali patatu, na huandika kitanda cha kijito kimefanywa na nini: mawe, mchanga, tope au majani. Fimbo iliyopimwa husukumwa chini ili kujua unene wa tope. Pale tope jipya la rangi ya shamba lilipofunika mchanga wa asili, hiyo ni alama ya mmomonyoko wa huko juu.

Kivuli nacho hupimwa. Mahali pasipopungua kumi mtu husimama katikati ya kijito, hutazama juu, na kukadiria sehemu ya mbingu iliyofunikwa na majani kwa mia. Kingo zote mbili huandikwa upana wa ukanda wa miti uliobaki, aina ya miti hiyo, na mahali palipomegeka.

Magogo yaliyoanguka huhesabiwa, wala hayaondolewi. Wengi hudhani kusafisha kijito ni kutoa magogo na majani. Katika kijito cha taratibu gogo hufanya kina ambamo samaki hujificha wakati wa kiangazi, na huyazuia majani yasichukuliwe na maji. Majani hayo ndiyo chakula cha msingi. Chini ya kivuli kizito mimea ya majini ni michache, kwa hivyo maisha ya kijito hutegemea yanayodondoka kutoka mitini. Wadudu na kamba wadogo huyatafuna, samaki huwala hao, na ndege, akina mdiria, huwala samaki.

VIUMBE KUWA MASHAHIDI

Mashine hueleza hali ya maji ya dakika ile tu, bali viumbe wanaoishi humo huwa wameyaonja maji hayo usiku na mchana kwa wiki na miezi. Kwa sababu hiyo wataalamu huwahesabu wadudu na viumbe wadogo waonekanao kwa macho. Hukusanywa kwa wavu wa mkono wenye matundu madogo, kutoka katika majani, mizizi ya kingo na tope, kisha humwagwa katika sinia jeupe lenye maji kidogo na kutambuliwa. Baada ya hapo hurejeshwa kijitoni wakiwa hai.

Baadhi yao hawastahamili uchafu, kama vile mabuu wanaojijengea nyumba ndogo za mchanga na vipande vya majani. Wengine hustahamili kiasi, kama mabuu wa kereng'ende. Na wapo wanaostahamili sana, kama funza wekundu wa topeni, ambao wekundu wao ni wa damu inayoweza kushika oksijeni hata ikiwa chache. Kila kundi hupewa alama, na jumla yake huonesha hali ya kijito. Njia ya namna hii imetumika miaka mingi Afrika Kusini, na Tanzania imetengenezewa utaratibu wake, uliochapishwa mwaka 2015. Tahadhari moja yafaa kushikwa: alama hizo zilitungwa kwa kutazama zaidi mito iendayo kwa kasi juu ya mawe. Kijito cha tope na majani kitapata alama ndogo hata kikiwa salama, kwa hivyo kilinganishwe na kituo chake cha juu, kisilinganishwe na mto wa milimani.

KONOKONO WA KICHOCHO

Hapana ofisa wala mwananchi anayeweza kuzungumzia maji ya taratibu katika visiwa hivi akayaacha maradhi ya kichocho. Kichocho cha mkojo huambukizwa kwa kupitia konokono wa maji baridi aitwaye kwa jina la kitaalamu Bulinus globosus, ambaye hupenda vijito vya taratibu na madimbwi. Mgonjwa anapokojoa ndani ya maji au karibu yake, mayai ya kimelea huanguliwa na kimelea kichanga humwingia konokono. Baada ya wiki kadhaa konokono huyo hutoa vimelea wengi, zaidi wakati wa mchana penye mwanga, nao hupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini.

Konokono huyu hupumua hewa kwa pafu, hivyo upungufu wa oksijeni haumdhuru kama unavyomdhuru samaki. Mmoja peke yake anaweza kuzaa bila ya mwenziwe, na kijito kikikauka anaweza kujificha topeni mpaka mvua zirudi. Kwa hivyo maji yenye oksijeni nzuri si dalili ya usalama, wala kukauka kwa kijito si dalili kwamba konokono wamekwisha.

Baina ya mwaka 2012 na 2017 Zanzibar ilifanya juhudi kubwa ya kutokomeza maambukizo hayo katika shehia za Unguja na Pemba. Wananchi walipewa dawa ya prazikwanteli mara mbili kwa mwaka. Katika baadhi ya shehia kulitiliwa dawa ya kuua konokono majini, na katika nyengine kulitolewa mafunzo ya kubadili mwenendo. Maradhi yalipungua sana, lakini hayakukatika, na maeneo machache yaliendelea kuambukiza. Funzo lake ni kwamba dawa humponya mgonjwa ila haimkingi asiambukizwe tena anaporudi katika maji yaleyale. Aidha, dawa ya kuua konokono huua na samaki, hivyo haifai kumwagwa ovyo katika kijito cha msituni pasipojulikana kama konokono wapo.

Hapo ndipo upimaji unapoleta faida yake. Katika kila kituo konokono hutafutwa kwa muda uliowekwa, kwa mfano dakika 15, kwa kutumia chekeche na glovu. Huhesabiwa, na huandikwa walikutwa juu ya nini: majani ya yungiyungi, magugu au takataka za plastiki. Kisha hupelekwa maabara, ambako huwekwa kila mmoja katika maji safi chini ya mwanga ili kuona kama anatoa vimelea. Wapo konokono wanaofanana naye ambao hawachukui kichocho, kwa hivyo utambuzi uachiwe wataalamu. Pemba inayo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyoko Chake Chake, yenye uzoefu mrefu katika maradhi haya.

Kivuli cha miti hupunguza magugu ya majini ambayo konokono hujishikiza na kutagia mayai. Kivuli hicho si dawa ya kichocho, na hakiwezi kuchukua nafasi ya vyoo, maji ya bomba na matibabu. Lakini kukiondoa bila ya sababu ni kumtengenezea konokono makao.

KUTUNZA NA KUTUMIA MATOKEO

Kila kipimo huandikwa papo hapo katika daftari, kwa penseli, kikiwa na tarehe, saa, jina la kituo, hali ya hewa na jina la mpimaji. Nakala moja hubaki ofisini na nyengine hukaa kwa sheha. Takwimu zilizofungiwa kabatini Unguja hazimsaidii mkulima wa Micheweni anayetaka kujua kwa nini kijito chake kimekatika.

Matokeo hayo ndiyo yanayopasa kutangulia maamuzi. Kabla ya bonde kugawiwa kwa kilimo, ofisa wa kilimo aulize mtiririko wa kijito wakati wa kiangazi. Kabla ya kisima kuchimbwa karibu, ofisa wa maji aangalie chemchemi zinazokilisha kijito hicho. Kabla ya kibali cha kukata miti kutolewa, ofisa wa misitu aangalie kipimo cha kivuli na joto. Sheria ya Misitu Namba 10 ya mwaka 1996, Sheria ya Maji Namba 4 ya mwaka 2006 na Sheria ya Mazingira Namba 3 ya mwaka 2015 zimeweka wajibu kwa taasisi mbalimbali, na kijito kimoja huweza kupita katika mikono ya zote. Daftari moja la vipimo linaloaminiwa na wote huondoa mabishano mengi.

YANAYOTAKIWA KWA WANANCHI

Wananchi wanaoishi karibu na vijito wanaombwa kuyazingatia haya yafuatayo:

1. Ukanda wa miti iliyo kandoni mwa kijito uachwe, na michikichi, miwale na mitondoo isikatwe hadi ukingoni mwa maji.

2. Magogo na majani yasiondolewe kijitoni kwa nia ya kusafisha. Kinachotakiwa kuondolewa ni plastiki, makopo na takataka za nyumbani.

3. Mabaki ya dawa za mashamba yasimwagwe majini, wala bomba la kunyunyizia dawa lisioshwe kijitoni.

4. Watu wasikojoe wala kwenda haja ndani ya maji au kandoni mwake. Watoto wakatazwe kuoga katika vijito vinavyojulikana kuwa na konokono, na mwenye kuona damu katika mkojo aende kituo cha afya bila ya kuona haya.

5. Anayeingia majini kwa kazi ya upimaji au kilimo avae viatu vya mpira virefu na glovu kila inapowezekana.

6. Alama za vituo vya upimaji zisiondolewe. Mwananchi anayeona mabadiliko ya ghafla, kama samaki kufa, maji kugeuka rangi kwa siku moja au chemchemi kukatika, ampelekee sheha khabari siku hiyo hiyo, akitaja mahali na saa.

Skuli zilizo karibu na vijito zinaweza kushiriki katika kazi nyepesi, kama kupima kivuli, tope na mwendo wa maji kwa danzi, maadamu wanafunzi wanabaki ukingoni na wako pamoja na mwalimu wao. Kipimo kilichochukuliwa kwa uangalifu na mwanafunzi, mahali palepale, kila mwezi, kwa miaka mitano, kina manufaa kuliko ripoti kubwa ya siku moja. Kijito kinabadilika kidogo kidogo, na anayeweza kuyaona mabadiliko hayo mapema ni yule anayekaa karibu nacho na akayaandika anayoyaona.